Aliyekatazwa Ghent Asipokelewe Bujumbura

Mwaka 2012 mahakama ya Ghent, Ubelgiji, ilimtia hatiani padri Luk Delft kwa kuwadhalilisha kingono watoto wawili wa bweni alilokuwa akilisimamia, na kwa kuwa na picha chafu za watoto. Alipewa kifungo kilichoahirishwa, akawekewa na sharti kwamba kwa miaka 10 asijihusishe na watoto. Mwaka uliofuata alikuwa ameshatua Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kufika 2015 alikuwa mkurugenzi wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa nchi nzima, katika nchi ambayo vita vilikuwa vimejaza kambi kwa watoto wenye njaa na wasio na wazazi. Makao makuu ya shirika yalipata habari ya hukumu yake mwaka 2017, naye akabaki kwenye kiti. Ilibidi waandishi wa CNN waende huko wenyewe na kukaa na familia ambazo watoto wao wanasema waliumizwa naye. Ndipo mwaka 2019 akarudishwa Ubelgiji.

Hakimu alisema miaka 10. Mwaka mmoja ulitosha kumfikisha Afrika.

Hasira yangu haiishii kwa padri huyo. Watu wa namna ile wako kila nchi na kila dini, na wengine hawana dini yoyote. Hasira yangu ni kwa wale waliokuwa na hukumu mkononi, wakaikunja, wakamkatia tiketi. Walikubali kwamba mtoto wa Ghent alindwe na hakimu, na mtoto wa Kaga-Bandoro, mji wa nchi ile alikopelekwa, alindwe na Mungu. Na hasira iliyo kubwa zaidi naielekeza kwetu sisi tunaokaa mlangoni. Anaposhuka mgeni kuja kuishi na watoto wetu, nani kati yetu humuuliza: ndugu, kwenu unaruhusiwa kufanya kazi hii?

Naandika nikiwa Bujumbura, na habari ya Afrika ya Kati siisomi kama habari ya mbali. Lugha ya ofisini ni ile ile, Kifaransa. Mashirika ni yale yale. Ubelgiji ndiyo iliyotutawala, na ndege ya Brussels inatua hapa hapa. Mtu aliyekataliwa kule anahitaji visa tu, barua ya mwaliko, na sura ya huruma.

Nilikuwa kwenye kituo kimoja cha watoto kaskazini mwa mji, siku ya wageni. Watoto walipangwa mistari tangu asubuhi, wameoshwa miguu, wakaimba kwa Kirundi kisha kwa Kifaransa. Mgeni alikuwa kijana wa Ulaya mwenye tabasamu pana, na kabla nyimbo hazijaisha alikuwa ameshampakata binti wa miaka minne hivi, simu ikipiga picha mfululizo. Mezani palikuwa na daftari la wageni lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, nchi, simu, sahihi, maoni. Nikamuuliza mama msimamizi kama kijana yule atalala pale.

“Atalala chumba cha mwisho kile, karibu na wavulana wadogo.”

“Mmemuomba karatasi gani, mama?”

“Ee kaka yangu, mtu ametuletea magodoro, nimuombe karatasi tena?”

Yule mama hana moyo mbaya, na magodoro yalihitajika. Niliyaona ya zamani: sponji imeliwa katikati, kitambaa kimechanika, watoto wanalala watatu watatu pembezoni. Lakini fikirini jinsi tunavyoishi katika mji huu. Mwenye kiwanja Kinama akitaka zamu wa kulinda matofali usiku, atamtaka karangamuntu, yaani kitambulisho, atamtaka mtu anayemjua wa kumdhamini, atauliza kwao ni kolini gani na kwa nini aliacha kazi ya mwanzo. Tofali lina mdhamini. Mtoto hana.

Na msiniambie kwamba karatasi hizo hazipo. Ubelgiji hata anayetaka kufundisha watoto mpira anaweza kutakiwa aende kwenye komuni yake akachukue casier judiciaire, yaani cheti cha kumbukumbu za makosa, ya namna maalumu, ile inayoitwa modèle 596.2, iliyotungwa kwa ajili ya kazi za kukaa na watoto. Ndugu zetu wanaoishi Brussels na Liège wanaijua vizuri, kwa sababu wakitaka kusaidia kambi ya watoto wakati wa likizo, wanaombwa. Uingereza ina cheti maalumu cha ulinzi wa mtoto kwa ajili ya wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo, kinachotolewa na ofisi ya polisi iitwayo ACRO tangu 2012. Cheti hicho kilitungwa kwa ajili yetu sisi, shule na vituo vya nchi nyingine. Wenye nchi wamekiandaa, kinachotakiwa kwetu ni kukiomba tu. Tusipokiomba, anayefaidi ukimya wetu ni yule ambaye asingekipata.

Tazameni yaliyowapata jirani zetu. Gregory Dow, Mmarekani, alihukumiwa Iowa mwaka 1996 kwa shambulio lenye nia ya kudhalilisha kingono, akatakiwa kuandikwa kwenye daftari la wakosaji wa aina hiyo kwa miaka 10. Mwaka 2008 akafungua kituo cha yatima Boito, kaunti ya Bomet, Kenya, kwa jina la ukoo wake na kwa jina la Yesu. Hukumu yake haikuwa siri. Iliandikwa, ilikuwa na namba ya jalada, na mtu yeyote mwenye mamlaka angeweza kuiulizia. Haikuulizwa. Alipokimbia Kenya mwaka 2017, nyuma yake alikuwa ameacha wasichana aliowaharibu, wawili kati yao wakiwa na miaka 11 tu alipoanza. Habari zilifika kwa wapelelezi wa Marekani kwa juhudi za mwanamke wa Kikenya aliyekuwa akiishi Pennsylvania, aliyekwenda kutembelea kwao akasikia vilio ambavyo vilikuwa havimfikii mtu. Februari 2021 Dow alifungwa miaka 15 na miezi 8.

Simon Harris alikuwa mwalimu Devon, Uingereza. Gilgil, Bonde la Ufa la Kenya, alikuwa mfadhili. Aliwaendea watoto wa mitaani, wale wale ambao hapa kwetu tunawaita mayibobo, akawapa chakula na hela, akawapeleka nyumbani kwake. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga zaidi ya miaka 17. Kati ya makosa yaliyomtia hatiani yamo aliyowatendea wanafunzi Uingereza miaka mingi kabla. Anayejua mayibobo wa Bujumbura wanaolala karibu na lile soko kuu lililoungua Januari 2013 anajua pia sahani moja ya wali na maharage ina nguvu gani juu ya mtoto wa miaka tisa. Harris alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja.

Sasa niseme na serikali yetu, kwa heshima lakini bila kuficha kitu. Burundi inajua kunyima kibali. Inajua sana.

Oktoba 1993, nchi ikiwaka moto, Marguerite Barankitse aliokoa watoto 25 Ruyigi, mbele yake wakiwa wameuawa watu 72. Kutoka kwa watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, iliyolea maelfu, Wahutu, Watutsi na Watwa, ikajenga hospitali na nyumba ndogo ndogo ili yatima wakue kama ndugu na si kama wafungwa. Novemba 2015 serikali ilisimamisha shughuli za Maison Shalom pamoja na mashirika mengine, na akaunti zake zikafungwa. Mwaka huo huo mama huyo akawa mkimbizi, akaanza upya Rwanda, na mwaka 2016 dunia ikampa tuzo ya Aurora. Huyo ndiye tuliyemkataza kulea watoto wa Burundi. Hakukatazwa kwa sababu ya mtoto yeyote aliyeumizwa. Alikatazwa kwa sababu ya siasa.

Kisha likaja la 2018. Tarehe 1 Oktoba mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali yalisimamishwa kwa miezi mitatu. Wakaambiwa walete karatasi: mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje, ahadi ya kufuata kanuni za benki na fedha za kigeni, na mpango wa kurekebisha uwiano wa wafanyakazi, Wahutu 60% na Watutsi 40%. Handicap International, lililokuwa limewahudumia walemavu wetu, watoto wakiwemo, kwa zaidi ya robo karne, lilikataa kuhesabu wafanyakazi wake kwa kabila, likafunga virago. Nakumbuka zile wiki: magari yameegeshwa, ofisi za Kiriri na Rohero zimefungwa, watu wanauliziana nani ataandika nini kwenye fomu.

Basi mlango uliweza kufungwa kwa siku chache. Mafaili ya nchi nzima yaliweza kukusanywa. Mtu aliweza kuulizwa baba yake ni nani na kabila lake ni lipi. Swali la kwamba mtu huyu amewahi kukatazwa na mahakama kukaa na watoto halikuwa miongoni mwa yaliyogombaniwa. Tulikuwa na kalamu, tulikuwa na muhuri, tulikuwa na askari mlangoni, na tukauliza swali lisilomlinda mtoto hata mmoja.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, Wizara ya Elimu ilitoa barua ya kuwafukuza shule za kawaida wasichana waliopata mimba, pamoja na wavulana wanafunzi waliowapa mimba. Wiki chache baadaye barua ikafutwa baada ya kelele kubwa, na nashukuru ilifutwa. Lakini tuitazame ilivyokuwa. Binti wa miaka 15 anakatazwa kukaa na watoto wenzake, kana kwamba yeye ndiye hatari. Na pale aliyempa mimba anapokuwa mwalimu? Kila mzazi wa nchi hii amewahi kusikia habari ya mwalimu aliyemharibu mwanafunzi, wazee wakakaa, ikatoka mbuzi na kreti za bia ya Primus, familia zikapeana mikono, na muhula uliofuata mwalimu akahamishiwa mkoa mwingine. Shule mpya ilimpokea bila kujua chochote. Naye akaingia darasani, akafuta ubao, akaandika tarehe.

Hapo ndipo wengi wanaopenda kuwasema wazungu huninyamazia. Ni rahisi kumnyooshea kidole mgeni. Lakini wanaopokelewa Centre Seruka, pale mjini kwetu, kituo ambacho Madaktari Wasio na Mipaka walikianzisha mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa, wengi wameumizwa na watu wanaowajua: jirani, mfanyakazi wa ndani, mjomba, mwalimu. Katazo ninalolidai lazima liwahusu na hao. Nikidai karatasi ya Mbelgiji na kumwacha mwalimu wa Kayanza apite na barua ya uhamisho, nitakuwa nalinda heshima yangu kama Mwafrika na nimemwacha mtoto pale pale alipo.

Tena karatasi peke yake haitoshi, na hili limejifunzwa kwa damu. Agosti 2002, Soham, Uingereza, mtunza shule Ian Huntley aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Kabla ya kupewa kazi ile alikuwa ameshalalamikiwa kwa polisi wa eneo jingine mara kadhaa, kuhusu wasichana wadogo na kuhusu ubakaji, lakini hakuwahi kutiwa hatiani, na kumbukumbu za malalamiko hazikuifikia shule. Angeombwa cheti cha mahakama angeleta cheupe kabisa. Uchunguzi wa Bichard wa 2004 uliyaweka wazi yote, na mfumo mzima wa nchi ile ukabadilishwa. Hapa kwetu, ambako kesi nyingi hufia kwenye mkeka wa wazee kabla hazijafika hata kwa polisi, casier judiciaire safi ina maana ndogo zaidi ya ile ya Huntley. Inaonyesha tu kwamba hakuna aliyeandika.

Ndiyo maana napenda walivyofanya Afrika Kusini. Wana daftari la taifa la ulinzi wa mtoto, na sehemu yake moja ni ya watu wasiofaa kufanya kazi na watoto. Kuingizwa humo si lazima uwe umefungwa jela. Mahakama ya watoto inaweza kukuingiza, na hata kamati ya nidhamu ya kazini iliyokaa kisheria ikakuona huna sifa. Mwajiri anatakiwa aulizie kabla ya kuajiri. Na aliyeandikwa ana haki ya kukata rufaa, na baada ya miaka 5 anaweza kuomba aondolewe, isipokuwa yule aliyetiwa hatiani kwa zaidi ya kosa moja dhidi ya mtoto. Kenya nayo, tangu waraka namba 3 wa 2010 wa Tume ya Utumishi wa Walimu, mwalimu anayejua mwenzake anamharibu mwanafunzi na akanyamaza anajiweka mwenyewe hatarini, na wanaofutwa kwenye rejesta ya ualimu majina yao hutangazwa. Hizi ni nchi za Kiafrika, zenye umaskini na rushwa kama kwetu. Kwa hiyo lile jibu la “sisi ni maskini, hatuwezi” nalikataa.

Yapo majibu mengine, na nimeyasikia yote. Kwamba mtu ametubu. Vizuri, atubu. Toba ni kati yake na Muumba wake na wale aliowaumiza. Haimpi funguo za bweni. Mlevi aliyetubu hatumwajiri kwenye ghala la bia la Brarudi ili kumwonyesha kwamba tumemsamehe. Kwamba tutawafukuza wafadhili: mfadhili anayeondoka kwa sababu ameombwa cheti ambacho kwao angeombwa vile vile, aende, tena aende haraka. Kwamba mtu anaweza kunyimwa kibali kwa uonevu, kwa kusingiziwa au kwa kufananishwa jina. Hili nalichukulia kwa uzito, na hasa katika nchi yetu, ambako mtu ameshanyimwa haki kwa jina, kwa koo na kwa chama. Anayekataliwa aambiwe sababu kwa maandishi, asikilizwe, awe na mahakama ya kukimbilia. Lakini wakati anasikilizwa, akae mbali na watoto. Kazi ziko nyingi. Auze mafuta, ahesabu magunia, afundishe watu wazima Kiingereza. Kuwa karibu na mtoto asiye wako si haki ya mtu yeyote. Ni amana, na amana hupewa anayestahili.

Sheria ya kuanzia tunayo. Katiba yetu inazifanya haki zilizomo katika mikataba ya haki za binadamu tuliyoiridhia kuwa sehemu yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto ni mmojawapo. Sheria ya Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia ipo. Kilichobaki ni waraka mmoja wenye meno, utakaosainiwa na wizara za Elimu, Mshikamano na Sheria kwa pamoja, unaoanza kufanya kazi mara moja. Asilale mtu chini ya paa moja na watoto wa kituo, wala asiingie darasani, awe mgeni au mwenyeji, padri, shehe, mchungaji au kocha, bila cheti kutoka kila nchi aliyoishi akiwa mtu mzima, na bila barua ya mwajiri wake wa mwisho inayojibu swali moja lililoandikwa wazi: je, alilalamikiwa kuhusu mtoto? Mkuu wa shule atakayeandika uongo ili ajiondolee mzigo ashitakiwe yeye. Kituo kisichoweza kuonyesha faili la kila mtu anayelala humo kifungwe, hata kama magodoro yake ni mapya. Wazee watakaomaliza kesi ya mtoto kwa mbuzi wafikishwe kwa mwendesha mashitaka pamoja na mbuzi wao.

Na anayekataliwa, jina lake na uamuzi wenyewe upelekwe siku hiyo hiyo Kigali, Kigoma na Uvira, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki imekusudia kutufungulia mipaka wote, wema na wabaya, na kutoka hapa mjini hadi mpaka wa Gatumba ni nauli ya basi tu.